Uzi: Umeachishwa kazi Dubai na viza ni ya kampuni? Usisaini kabla hujapiga hesabu

Mtanga_wa_AlQuoz (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Kila wiki namwona mtu anauliza "nimeachishwa kazi Dubai, nina siku ngapi?" Majibu yanakuja ya kila aina. Mmoja anasema 30, mwingine 60, wa tatu anamwambia akae tu, hakuna wa kumgusa. Mwaka jana yalinikuta mwenyewe. Nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala la vipuri Al Quoz, miaka minne na nusu, viza ya kampuni, kitanda cha juu kwenye chumba cha watu sita. Naandika nilivyopita.

Niliitwa ofisini saa nne asubuhi. Nikamkuta afisa utumishi na pembeni yake mandub, yule mtu wa kampuni anayehangaika na karatasi za serikali. Ukimwona mandub ofisini asubuhi na hujamwita wewe, jua kuna jambo. Wakaniambia ghala linapunguza watu, notisi siku 30, ahsante kwa utumishi wako. Kisha mandub akanisogezea karatasi mbili na kalamu juu yake. Kiarabu kulia, Kiingereza kushoto.

Nikaisoma taratibu, maana mkono ulikuwa unatetemeka na sikutaka waone. Mstari wa mwisho ulisema nimepokea haki zangu zote na sina dai lolote kwa mwajiri. Hapo sijapokea hata dirhamu moja. Nikauliza, "Hela ziko wapi?" Mandub akajibu zinakuja, hii ni kwa ajili ya mfumo tu, bila saini mfumo haufunguki.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi tunapopigwa. Siku zako za kuondoka nchini hazianzi kuhesabiwa siku ulipoambiwa kazi basi. Zinaanza siku ukaazi wako ulipofutwa. Na utaratibu wa kawaida ni kwamba kibali cha kazi kinafutwa kwanza kule wizara ya kazi, kwa saini yako, ndipo ukaazi unafutwa uhamiaji. Kwa hiyo kati ya kuambiwa na kusaini kuna muda ambao bado wewe ni mkaazi halali, bado bima ya afya inasoma, na kampuni bado inakuhitaji kwa kitu kimoja: ile saini. Ukishaitoa, unaanza kuwapigia wewe simu.

Nikawaambia kwa adabu, "Nitafanya kazi notisi yangu yote, nitasaini siku hela zikisoma kwenye akaunti." Mandub alicheka. Afisa utumishi hakucheka, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Jioni nilikaa kitandani na mkataba nikapiga hesabu. Mshahara wangu wa jumla ulikuwa dirhamu 3,000, lakini mkataba unasema mshahara wa msingi ni 1,500, zilizobaki ni posho ya nyumba na usafiri. Kiinua mgongo kinahesabiwa kwenye ule wa msingi tu. Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inatoa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo, mradi umemaliza angalau mwaka mmoja. 1,500 gawa kwa 30 ni 50 kwa siku. Mara 21 ni 1,050 kwa mwaka. Miaka minne ni 4,200, nusu mwaka 525. Jumla 4,725. Nilikuwa na siku 18 za likizo sijazitumia, nazo ni 900. Mkononi nilitakiwa kupata 5,625, mbali na mshahara wa mwezi wa notisi.

Karatasi ya kampuni ilisema 5,100. Ile nusu mwaka ilikuwa imeyeyuka. Dirhamu 525 ni zaidi ya laki tatu za kwetu, wakuu. Siachi.

Nitaendelea, ngoja nitoke msikitini.

Mpemba_Mtulivu

Shukran kaka kwa kufungua hili. Ila jibu swali la watu: siku ngapi hasa baada ya kufutwa?

Mtanga_wa_AlQuoz

Nimerudi. Mpemba, hakuna namba moja, ndiyo maana watu wanabishana humu na kila mtu ana haki upande wake. Zamani ilikuwa siku 30 kwa karibu kila mtu. Tangu mageuzi ya Oktoba 2022 inategemea daraja la viza na la kazi yako. Kuna wa 30, wa 60, wa 90, na wenye taaluma za madaraja ya juu na wenye viza za dhahabu na kijani wanafika 180. Mimi nilipewa 60. Rafiki yangu tuliyekuwa naye ghala moja, kazi yake iliandikwa tofauti kwenye kibali, akapewa zake.

Usiulize rafiki, usiulize hata mimi. Karatasi ya kufutwa viza ina tarehe ya mwisho ya kuondoka au kubadili hadhi, yaani kuhamia viza nyingine. Hiyo ndiyo tarehe yako. Kama viza ilitoka Dubai, hakiki kwenye tovuti ya uhamiaji wa Dubai, GDRFA. Kama ni Abu Dhabi, Sharjah na kwingineko, ni ICP, mamlaka ya uhamiaji ya shirikisho. Ukivuka tarehe, faini ni dirhamu 50 kila siku, Ijumaa na sikukuu zimo.

Jembe_la_Satwa

Mimi nilisaini siku hiyo hiyo na nikalipwa ndani ya wiki. Kampuni nyingine ni za kistaarabu. Msitishe watu humu mpaka mtu anaanza ugomvi na bosi aliyemlea vizuri miaka yote.

Mtanga_wa_AlQuoz

Jembe, heko kwako, na kampuni yako Mungu aizidishie. Sheria inampa mwajiri siku 14 tangu mkataba uishe awe amekulipa kila kitu. Wapo wanaolipa siku ya tatu. Lakini wewe mwenyewe niambie: kama wasingekulipa, ungeshika nini mkononi? Karatasi yenye saini yako inayosema umeshalipwa.

Na sikusema mtu agombane. Mimi mwezi mzima wa notisi nilifika kazini saa moja kasoro, nikahesabu vipuri kama kawaida. Kwenye notisi ambayo mwajiri ndiye kaitoa, unaruhusiwa kukosa siku moja kila wiki, bila malipo, ukatafute kazi, mradi umemjulisha siku tatu kabla. Nilizitumia zote nne. Kitu ambacho hutakiwi kufanya ni kususa na kulala. Ukikosa kazini zaidi ya siku 7 mfululizo bila sababu umempa mwajiri nafasi ya kukufukuza bila notisi na kukupeleka ripoti ya utoro. Ripoti ya utoro ikiingia kwenye mfumo, habari ya kiinua mgongo inakaa pembeni, unaanza kuhangaikia jina lako kwanza.

Kadi_ya_Mwisho

Naomba niongeze jambo lililonigharimu. Bima ya kupoteza kazi! Wengi tunakatwa dirhamu 5 kwa mwezi na hatujui ni ya nini. Ilianza Januari 2023, ni lazima kwa wafanyakazi wa makampuni. Ukiwa umelipia miezi 12 mfululizo na umeachishwa bila kosa, inakupa asilimia 60 ya mshahara wa msingi hadi miezi mitatu. Ila dai lazima lipelekwe ndani ya siku 30 tangu kazi iishe. Mimi nilipeleka siku ya 34. Nilikuwa nasubiri kampuni inipe barua nzuri yenye mhuri, wanasema kesho, kesho. Mfumo ukanikataa palepale kwenye simu.

Na mtego mwingine: wenzangu wawili waliambiwa "andikeni barua ya kujiuzulu, itaonekana vizuri kwa mwajiri mwingine." Wakaandika. Aliyejiuzulu bima haimhusu kabisa.

Mtanga_wa_AlQuoz

Kadi, pole sana ndugu yangu. Hilo la barua ya kujiuzulu liandikwe kwa wino mwekundu. Mimi bima ilinipa 900 kwa mwezi. Inaonekana ndogo, lakini kitanda Deira kilikuwa 700, kwa hiyo nililala bila kugusa kiinua mgongo. Jueni pia inakoma ukipata kazi mpya au ukiondoka nchini.

BintiLikoni

Assalam alaykum. Mie niko Abu Dhabi, nafanya kazi ya nyumbani. Mama mwenye nyumba kasema wanahamia Ulaya mwezi ujao, eti nitafute pa kwenda. Pasi yangu anayo yeye tangu nilipofika. Hiyo bima siijui, sijawahi kukatwa. Haya mnayoyasema na mie yananihusu?

Mtanga_wa_AlQuoz

Wa alaykum salaam dada. Kwako sheria ni nyingine, ya wafanyakazi wa nyumbani ya mwaka 2022, na ile bima haiwahusu nyinyi, kwa hiyo hujakosea kitu. Hesabu zangu za juu usizichukue. Lakini kushikiwa pasi ni kosa kwenye sheria zote mbili, na mgogoro wenu nao unaanzia wizara hiyo hiyo ya kazi. Usitoke nyumbani kimya kimya. Wengine wenye kujua kazi za ndani wamjibu dada yetu.

Mama_Kahawa

BintiLikoni mwanangu, nimefanya kazi za ndani Abu Dhabi na Al Ain. Kwanza, mwombe pasi kwa sababu isiyomuudhi: mwambie ubalozi wa Kenya unataka nakala yake ili kuweka taarifa zako sawa. Ubalozi wenu uko hapo hapo Abu Dhabi. Ukiipata tu, piga picha ukurasa wa picha na ukurasa wenye viza, mtumie mtu nyumbani Mombasa. Picha ya kitambulisho cha Emirates pia, mbele na nyuma. Pili, mwambie mama mwenye nyumba akuandikie ujumbe wa simu, hata wa maneno mawili, kwamba yeye ndiye anaondoka na kazi inaisha kwa sababu hiyo. Watu wazuri wengi tu wanakuwa wazuri mpaka siku ya kupanda ndege, baada ya hapo namba haipatikani na viza yako bado iko kwa jina lake. Hakikisha ameifuta au ameihamisha kwa mwajiri mwingine KABLA hajasafiri.

BintiLikoni

Shukran mama. Hilo la yeye kuondoka na viza ikiwa jina lake sikulifikiria hata kidogo.

Msukuma_wa_Sharjah

Hakuna aliyegusa benki. Ngoja niguse mimi. Kama una mkopo au kadi ya mkopo, siku kampuni inapoingiza malipo ya mwisho benki inajua ni ya mwisho, na inaweza kuizuia hela yote. Niliamka nikakuta salio lipo lakini haligusiki. Nilikuwa nadaiwa dirhamu 9,000, kiinua mgongo kilikuwa 7,000. Nenda benki mapema ukapange malipo, usijifiche. Ukikimbia na deni, mdai anaweza kwenda mahakamani uwekewe zuio la kusafiri, na hilo utaligundua ukiwa tayari kwenye foleni ya uwanja wa ndege na mabegi ya zawadi.

Jembe_la_Satwa

Hapo kwenye benki nakubali asilimia mia. Jingine dogo: viza ikifutwa, bima ya afya ya kampuni nayo inaweza kukatika. Mwenye dawa za presha au sukari achukue dozi zake kabla ya kusaini.

Nyuki_Mzururaji

Wakuu, kuna jamaa Naif anauza viza ya "azad" ya miaka miwili kwa dirhamu 7,500. Unafanya kazi popote. Si suluhisho zuri kwa mtu aliyebakiza siku chache?

Msukuma_wa_Sharjah

Nyuki, kimbia. Viza hiyo iko chini ya kampuni usiyoijua, na kibali cha kazi ni cha kampuni hiyo. Ukifanya kazi kwingine uko nje ya sheria, wewe na anayekuajiri. Yule jamaa akitaka hela zaidi mwaka wa pili anakutishia ripoti ya utoro, na kwenye karatasi kweli ni mtoro, maana hujawahi kukanyaga ofisi yake. Gharama za kuajiri na viza ya kazi kisheria ni za mwajiri. Anayekuomba hela ili akuajiri anauza kitu kingine.

Mgeni_wa_Houston

Nasoma kutoka Marekani. Huku kwenye viza ya H-1B, ile ya kazi za kitaalamu, mambo yamegeuka kidogo na nimewaona Waafrika Mashariki wawili wakiteleza palepale. Huku siku ni 60, zipo tangu kanuni ya Januari 2017, na hazisubiri karatasi wala saini. Zinaanza kesho yake baada ya siku yako ya mwisho ya kazi yenye mshahara. Kampuni ikikupa malipo ya kuagwa ya miezi mitatu, yale hayarefushi kitu. Na kama tarehe ya kwenye I-94 yako, ile rekodi ya kuingia inayoonyesha mwisho wa kukaa kwako, iko karibu zaidi, ndiyo inayoshinda. Hutakiwi kufanya kazi ndani ya siku hizo. Mwajiri mpya akiwasilisha ombi kabla hazijaisha, unaweza kuanza kazi kwake ombi likishapokelewa, bila kusubiri jibu wala kurudi kwenye bahati nasibu ya kugawa viza hizo. Mwenzangu alisubiri mpaka siku ya 50 ndipo atume maombi ya kazi. Usaili peke yake ulichukua wiki tatu. Na kama kampuni ndiyo iliyokuondoa kabla kibali kuisha, nauli ya kukurudisha kwenu inawahusu wao. Ya kwako tu, si ya mke na watoto.

Mtanga_wa_AlQuoz

Ahsante mkuu wa Houston. Kwa hiyo huku Ghuba saini ni silaha, kwenu huko silaha ni kalenda. Nauli huku pia ni ya mwajiri, isipokuwa umehamia kwa mwajiri mwingine au kosa la kuvunja mkataba ni lako.

Nimalizie yangu. Notisi iliisha, kampuni ikang'ang'ania kwamba haki yangu ni 5,100 tu. Siku ya 12 baada ya hapo nikafungua malalamiko kwenye programu ya wizara, MOHRE, nimelala kitandani kwangu. Nikaambatisha mkataba, taarifa ya benki na hesabu yangu niliyoiandika kwa mkono nikaipiga picha. Kufungua malalamiko hayo hakukunigharimu kitu. Tangu Januari 2024 madai yasiyozidi dirhamu 50,000 wizara yenyewe inaweza kuyatolea uamuzi, si lazima uanze mahakamani. Na dai halifi haraka: una miaka miwili tangu kazi iishe.

Siku ya tatu simu ikaita. Mandub. Sauti laini kweli kweli, "my friend, kwa nini wizara, si ungeniambia mimi?" Nikamwambia nilikuambia, ulicheka. Kesho yake zikasoma 5,625. Nikaenda ofisini, nikasaini zile karatasi mbili, na kalamu yao nikawarudishia.

Ukaazi ukafutwa siku mbili baadaye. Nilipata kazi Jebel Ali siku ya 41, wakanibadilishia hadhi humu humu ndani bila kutoka nchini. Vipimo vya damu, picha ya kifua, alama za vidole, basi.

Siku_Kumi_na_Moja

Kaka Mtanga, naomba unisaidie mimi, jina langu linajieleza. Karatasi yangu inaisha baada ya siku 11. Kuna mgahawa Al Nahda wamenikubali, wanasema wataniletea ofa "baada ya wiki mbili". Nirudi Tanga nisubirie huko au nikae?

Mtanga_wa_AlQuoz

Kumbe jirani yangu. Wiki mbili ni siku 14, kwa hiyo ukikaa, upungufu wako ni siku tatu, faini 150. Si hiyo inayoniogopesha. Kinachoniogopesha ni kwamba "wiki mbili" ya mgahawa inaweza kuwa mwezi, na ofa ya mdomo haina siku. Kesho asubuhi nenda mwenyewe, usipige simu. Nenda saa ambayo hawana wateja wengi, saa nne hivi. Mwonyeshe msimamizi ile karatasi, aione tarehe kwa macho yake. Mwombe jambo moja tu: ofa rasmi kupitia mfumo wa wizara wiki hii. Akikuomba hela ya viza, toka. Akisema hawezi wiki hii, tafuta tiketi ya siku ya 10 kabla hazijapanda bei, na umwachie namba yako ya nyumbani.

Mama_Kahawa

Na uvae vizuri mwanangu.

Siku_Kumi_na_Moja

Nimetoka huko sasa hivi. Msimamizi hakuwa anajua kama nina tarehe, alidhani niko kwenye viza ya matembezi. Kamwita mandub wao mbele yangu. Kaniomba picha yenye mandhari nyeupe na nakala ya pasi. Niko kwenye duka la kupiga picha hapa, foleni watu wanne.

BintiLikoni

Mie pasi nimeipata. Nimeipiga picha kurasa zote mpaka zilizo tupu.